Asipewe Maji

Injini ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikazima katikati ya mlango wa bahari wa Kilindini. Rama, mwenye boti, alivuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kikamchubuka. Akafungua tangi, akanusa, akatema mate.

"Nimeuziwa maji, sista. Hii si petroli, ni mchuzi."

Nesi Kahaso alikuwa amepiga magoti ndani ya boti, kichwa cha Mzee Faraj kikiwa juu ya paja lake. Asubuhi ile mzee alikuwa akifungua duka lake la vitambaa huko Likoni, mdomo ukapinda, upande wa kulia ukalegea, na maneno yakageuka mikoromo. Vijana na polisi walikuwa wakipambana tangu alfajiri. Matairi yaliwaka barabarani, feri imesimama, gari la wagonjwa halipiti. Zahanati ya Kahaso ilikuwa na kipimo cha presha na kopo la aspirini. Mashine ya kupiga picha ya ubongo ilikuwa kisiwani, ng'ambo ya maji. Bila picha hiyo hakuwa na njia ya kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na kidonge kile kile kingeweza kumfaa mzee au kummaliza. Kopo lilibaki mfukoni mwake, likigongagonga kila boti ilipoyumba.

Maji yalikuwa yakipwa kwa nguvu. Rama alipiga kasia, mkondo ukamshinda, ukawapitisha ufuo wa Shelly Beach na kuwatoa hadi kwenye mawimbi makubwa. Walipiga simu. Kila aliyepokea aliwaambia wasubiri, hali ni mbaya.

Jua lilipowakalia utosini, Mzee Faraj aliinua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole kwenye chupa iliyokuwa miguuni pa binti yake, Shaza.

"Ataka maji," Shaza alisema.

"Asipewe. Koo lake halifanyi kazi. Yataingia mapafuni."

"Tone tu, sista."

"Hata tone."

"Kwetu mtu akikata roho hutiliwa maji kinywani. Wataka babangu aende na kiu?"

"Hajakata roho, Shaza."

"Basi wewe wangoja nini? Wamkodolea macho tu!"

Hilo lilimchoma Kahaso, kwa kuwa lilikuwa kweli. Aliponyoosha mkono kuizuia chupa alikuwa amechelewa. Shaza alimtilia baba yake funda moja.

Mzee alipaliwa. Mishipa ya shingo ilimsimama, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Kahaso alimlaza ubavu, akamtia vidole kinywani, akampiga mgongoni huku Rama akipiga kelele, "Tulieni, mtatuzamisha!" Muda mrefu hapakusikika pumzi. Kisha ikarudi, nyembamba, yenye sauti ya maji ndani yake.

Shaza alifunga chupa, akaibana kati ya magoti. Tangu hapo hakunywa, ingawa midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka. Kahaso alipomwambia Rama anywe ili apate nguvu za kasia, Rama alimgeuzia mzee mgongo kwanza, ndipo akanywa.

Maji yalipoanza kujaa, mawimbi yaliwasukuma juu ya mwamba. Mbao zilipasuka. Wapishi wa hoteli moja ya ufukweni waliingia baharini hadi kiunoni, wakambeba mzee kwa kitanda cha kuotea jua. Kahaso alitambaa mchangani, akainua uso, akauona ule ule moshi wa matairi. Walikuwa wamerudi Likoni. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, hata kama ingemfaa mzee, ina saa zake, na saa hizo ziliishia baharini.

"Feri imeanza kuvuka sasa hivi," alisema Dhahabu, muuza viazi karai, akija mbio na kikombe cha maji. "Poleni, jamani! Mpeni mzee maji, macho yamemuingia ndani!"

Kabla Kahaso hajafungua kinywa, Shaza alikwisha kumfunika baba yake mdomo kwa kiganja.

"Asipewe."

"We mtoto, huna huruma?"

"Nimesema asipewe."

Mzee Faraj alimtazama juu ya kiganja hicho. Mkono wake wa kushoto ukapanda polepole, ukaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja. Shaza akavirudisha.