Buni Mkononi mwa Persefone

Hivi wewe, mama yako akikupa kitu ule, huwa unauliza nusu nyingine kaila nani?

Huulizi. Celestina naye hakuuliza. Alifungua kinywa kama alivyokuwa akikifungua tangu ana meno mawili, akatafuna nusu punje ya buni aliyoletewa na mama yake, akaendelea kusoma barua ya ajira kwa mara ya tano. Miaka minne alikuwa amesubiri barua hiyo, tangu amalize chuo cha maabara. Ilimtaka aripoti hospitali ya wilaya huko Ruvuma ndani ya siku kumi na nne. Asiporipoti, nafasi apewe mwingine.

"Hongera, mwanangu," alisema mama yake. "Mbali kweli."

"Mama, Ruvuma ni Tanzania."

"Nimesema si Tanzania?"

Mama huyu ndiye Kokulinda, Mhaya wa Muleba, mjane, mwalimu mstaafu wa historia, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba nane pale Nyegezi, Mwanza, upande unaotazama ziwa. Mtoto ni huyo mmoja. Wenzake wenye nyumba za wageni hutundika maua ya plastiki na picha za maporomoko ya maji. Kokulinda alitundika Persefone.

Alikuwa na kitabu kinene cha wachoraji wa Ulaya, alichoachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao. Kurasa karibu ishirini zilikuwa za mungu wa kike mmoja tu wa Wagiriki wa kale, huyo Persefone, binti aliyekuwa akichuma maua ardhi ikapasuka, bwana wa kuzimu akatoka na farasi wake akambeba. Ukikipitia vizuri kitabu kile utaona kwamba wanaume wa Ulaya walilipamba tukio moja la utekaji kwa miaka mia kadhaa, wakaliita uzuri. Kila mmoja alimtaka binti akipiga kelele, bega moja wazi, maua yakimwagika. Hakuna aliyemchora akila ugali wake kwa amani.

Kokulinda alimpa kitabu Luhende, mchora mabango wa Mirongo, ambaye mkono wake ndio uliochora nusu ya vichwa vya saluni na matairi ya gereji unavyoviona mjini. Luhende akanakili picha nne, zikapangwa kwenye ukumbi mwembamba wa vyumba. Ya kwanza, binti anachuma maua. Ya pili, anabebwa, na vidole vya bwana yule vimezama pajani mwake kama kwenye unga uliokandwa. Ya tatu, amekaa gizani peke yake na tunda mkononi. Ya nne, anapandishwa juu kwenye mwanga, na mama yake amemfungulia mikono.

Kwenye ya tatu Luhende alikwama.

"Mwalimu, hili ni tunda gani? Nyanya?"

"Komamanga."

"Sijawahi kuliona. Ni kama pera?"

"Achana nalo. Mwekee kikapu kidogo cha buni. Kwetu mgeni hakai bila kutafuna buni."

Basi Persefone wa Nyegezi akawa ameshika kikapu chenye buni saba. Chini ya picha Kokulinda aliweka kigoda, na juu yake kikapu cha kweli, chenye buni zilizochemshwa na majani zikakaushwa, kama wafanyavyo Kagera. Wageni walichukua moja moja, wakatafuna, wakajipiga picha, wakaenda zao.

Kuna jambo wageni hawakulijua, ila mzee yeyote wa Kihaya analijua. Buni moja ina mbegu mbili ndani ya ganda moja. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu walijichanja karibu na kitovu, wakazipaka mbegu zile damu, kila mmoja akala ya mwenzake. Hapo walikuwa wamechanjiana, na undugu huo haukuvunjwa na umbali wala ugomvi. Kokulinda alilifundisha hilo kidato cha pili, kwa sauti ile ile aliyofundishia Vita vya Majimaji.

Siku ya pili baada ya barua, Celestina akipiga deki ukumbini aliona buni za kwenye picha ni sita.

"Mama, Luhende amekuja kurekebisha picha?"

"Hajaja."

"Zilikuwa saba."

"Wewe umesoma maabara," alisema Kokulinda bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Hesabu vizuri."

Alihesabu vizuri. Siku ya tatu zilikuwa tano.

Jini wa picha ile hakungoja usiku kama mlinzi wa zamu. Alifanya kazi mchana, saa nane hivi, jua likiwa kali na ziwa likimetameta hadi macho yanauma. Kwanza ilikuja harufu ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi hiyo. Halafu mtafuno, kr, kr, kr, wa taratibu, wa mtu asiye na haraka. Mfanyabiashara mmoja wa ndizi alitoka chumba namba nne na begi lake akiwa hajavaa viatu.

"Mwalimu, samahani. Ukumbini kwako kuna mtu anatafuna."

"Ni panya."

"Panya hamezi mate," alisema mfanyabiashara, akaondoka.

Yeye aliondoka, na wageni wote waliondoka bila tabu. Ni Celestina tu aliyeshindwa.

Siku ya tano alibeba sanduku kwenda stendi ya Nyegezi, mwendo wa dakika kumi na tano. Alipita kwa muuza chipsi, akamsalimia, akavuka barabara, akasikia wapiga debe wakiita, akainua mguu kupanda kwenye kibaraza cha ofisi ya tiketi, na mguu ukatua kwenye vigae vya ukumbi wa nyumbani. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya tatu. Sanduku lilikuwa mkononi. Viatu vilikuwa vimejaa udongo mwekundu uliolowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Siku ya saba Luhende alimpakia kwenye pikipiki yake. "Nishike kiuno vizuri, dada. Mimi sirudi na abiria." Alimshika. Luhende alihisi mikono ile kiunoni njia nzima, akihisi hata joto lake, hadi alipozima injini stendini na mpiga debe mmoja akamuuliza, "Kaka, sanduku ndilo linasafiri?" Aligeuka. Hakukuwa na mtu. Alirudi mbio akamkuta Celestina ukumbini, amesimama wima, kofia ya pikipiki kichwani, machozi yakimtoka ndani ya kioo.

"Luhende," alinong'ona, "mimi nimefika. Nimeliona basi. Kuna mtu alinishika mkono kama rafiki, akaniambia turudi nyumbani."

"Mtu gani?"

"Mkono wake ulinuka buni."

Siku ya nane Luhende alileta rangi nyeupe akaifuta picha yote ya tatu, kuanzia kwenye fremu, akipaka mara mbili. Kesho yake rangi ilikuwa imeteremka sakafuni ikawa tope, na Persefone alikuwa palepale, ila sasa midomo yake, ambayo Luhende aliapa kwamba aliichora imefumba, ilikuwa wazi kidogo, na jino moja lilikuwa na doa jeusi la mtu anayetafuna buni. Kikapuni zilibaki mbili. Na kwenye picha ya nne, ile ya kupandishwa kwenye mwanga, binti hakuwepo tena. Kulikuwa na mwanga mtupu, na yule mama aliyefungua mikono alikuwa ameanza kuikunja, kidogo kidogo, kama anayekumbatia kitu ambacho sisi hatukioni.

Kokulinda aliwasha mishumaa, akasali rozari. Akasema ni rangi mbovu za Luhende. Akasema ni padre aliyeacha kitabu bila kukibariki. Akasema Celestina apumzike kwanza, Ruvuma haikimbii, kazi zipo nyingi hata hapa Mwanza.

"Siku zangu zinakwisha, mama," alisema Celestina. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ukiisikia ukiwa jikoni ungedhani inatoka ukutani.

Siku ya kumi na mbili Luhende alimleta Malimi, mganga wa Kisesa, mama mfupi mwenye sweta na miwani iliyofungwa kwa uzi. Basi la mwisho litakalomfikisha Celestina kwa wakati lilikuwa linaondoka saa kumi jioni. Malimi alifika saa nane kasoro.

"Shikamoo, mayu," alisema Luhende, akimwita mama kwa Kisukuma chake na kumfungulia mlango.

"Marahaba. Jini wenyewe wa wapi?"

"Mgiriki."

Malimi alivua miwani. "Luhende, mimi nawajua wa ziwani, nawajua wa milimani, nawajua na wale wa pwani wanaodai marashi. Mgiriki ananisikia kwa lugha gani?"

Hata hivyo aliingia. Alitembea mbele ya picha zote nne kama mtu anayekagua viazi sokoni. Mbele ya tatu alisimama, akanusa, akakaa kwenye kigoda.

"Nani anajua habari za huyu binti? Nisimulieni, bila mapambo."

Kokulinda akasimulia, kwa kuwa alikuwa mwalimu na alishindwa kunyamaza. Binti alitekwa. Mama yake alilia hadi mazao yakakauka dunia nzima. Bwana wa kuzimu akaamriwa amrudishe. Lakini binti alikuwa ameshakula mbegu za tunda la kule chini, kwa hiyo hakuweza kuondoka moja kwa moja.

"Nani alimpa mbegu?" aliuliza Malimi.

"Mwenye nyumba."

"Alimpa kwa nini?"

"Ili abaki."

"Ahaa." Malimi alivaa miwani yake tena. "Kwa hiyo anayeshika ni anayelisha. Na hapa, Mwalimu, mwenye nyumba ni nani?"

Kokulinda alikaza fundo la kitenge chake. Halafu kr, kr, kr, karibu mno, na harufu ya shimo ikapanda.

"Sikuja kumtukana mtu," alisema Malimi kwa sauti ya chini. "Nimenusa damu kwenye kinywa cha picha hiyo. Mtu amewachanjisha hawa wawili. Huyu Mgiriki ni binti aliyefungiwa, hana ndugu, hana mgeni, akapewa dada. Unategemea amwachie? Mimi simfukuzi, siwezi. Aliyewaunganisha ndiye atakayewatenganisha, akilitamka kwa kinywa chake mbele ya wote wawili. Lakini ajue. Huyu hakubali kubaki mtupu. Atakayesema 'ni mimi', ndiye atakayebaki naye humu ndani, hatoki tena."

"Mimi nilichora tu," alisema Luhende haraka. "Mayu, wallahi, buni niliambiwa."

"Kaa kimya. Wewe hakuna anayekutaka."

"Mama," alisema Celestina.

Kokulinda alikuwa akitazama vigae. "Mtoto anaumwa malaria," alisema. "Mtu akiwa na homa kali huona mengi. Twendeni tukampime."

"Mimi ndiye ninayepima malaria, mama. Sina."

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Nje, mbali, honi ya basi ilisikika stendini, na Celestina, ambaye alikuwa ameshika sanduku lake muda wote huo kana kwamba mtu angemnyang'anya, alijaribu kupiga hatua kuelekea mlangoni na hakuweza, kwa sababu udongo ule mwekundu, uliokuwa umeanzia kwenye viatu, sasa ulikuwa umefika kwenye vifundo, unapanda, unapanda bila kutoka popote, juu ya vigae alivyovipiga deki yeye mwenyewe asubuhi, na ulipofika magotini alimtazama mama yake, hakupiga kelele kama wale wa kwenye kitabu, hakunyoosha mkono, alimtazama tu jinsi alivyomtazama alipokuwa mdogo akingoja kuchanuliwa nywele, huku nyuma yake, pichani, kikapu kikiwa na buni moja, na vidole vya Persefone vikiwa vimekwisha kuinyanyua, vikiipeleka mdomoni taratibu, taratibu, kama mtu mwenye milele yote ya kula.

"Miaka minne, mama," alisema Celestina. "Ulinisindikiza kila usaili. Ulinipigia pasi shati."

Mikono ya Kokulinda ilikuwa imekwenda yenyewe tumboni, karibu na kitovu, pale kitenge kilipofungwa. Malimi aliona. Luhende aliona. Damu kidogo ilikuwa imepenya kwenye kitambaa, kutoka kwenye kidonda cha siku kumi na mbili kilichokataa kufunga.

Kokulinda alitazama mlango ulio wazi, ziwa linalong'aa nyuma yake, njia ya stendi. Alivitazama kwa muda mrefu, kama anayevisoma avikariri. Kisha akamgeukia mwanamke wa pichani, akasema kwa sauti ya darasani, sauti inayofika hadi dawati la mwisho:

"Ni mimi. Siku barua ilipokuja nilijichanja kwa wembe, nikaipasua buni moja. Nusu nilikupaka wewe midomoni. Nusu nikamlisha mwanangu. Nilikuambia umshike, asiniache peke yangu kwenye nyumba hii. Yeye hakujua alichokula. Mimi nilijua."