Moto wa Kuonyesha Wageni

Mastura aligeuka kidogo tu kupatana bei ya vitunguu. Alipogeuka tena, gunia lake la kabeji lilikuwa linaondoka sokoni mgongoni mwa kijana mrefu aliyevaa koti jeupe la maabara na gambuti za kijani.

"Boss, hizo kabeji ni zangu."

Kijana akachungulia ndani ya gunia, akacheka kwa aibu. "Pole. Mimi nachukua zilizooza."

"Ukale?"

"Tunatengeneza gesi ya kupikia."

"Wewe huonekani kama unaweza hata kutengeneza chai."

Alikuwa anaitwa Nasrudin, mtoto wa mtaa wa Kiamunyi, mwanafunzi wa chuo kikuu. Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta familia mtaani Bondeni ambayo ingekubali kuwekewa mtambo wa gesi ya taka. Alimtazama msichana yule, dera la zambarau, mtandio mweupe uliotiwa tope la soko pembeni, akajitolea kumbebea gunia mpaka nyumbani.

Mama Mastura alikuwa uani akikaanga sambusa za kuuza, macho mekundu kwa moshi wa makaa. Alimsikiliza kijana mpaka mwisho, kisha akasema, "Chimbeni. Lakini mkianza, mmalize."

Wakachimba shimo, wakalaza ndani mfuko mkubwa mweusi wa plastiki, wakaulisha kabeji na kinyesi cha ng'ombe. Nakhumicha, jirani wa ukuta wa pili, alilalamikia harufu kila asubuhi. Siku jiko lilipowaka moto wa buluu, hata yeye alikuja kupasha viganja moto. Jioni hiyo Nasrudin alimpigia Mastura simu.

"Mtoto wangu amelala?"

"Mtoto gani?"

"Mtambo."

"Na mimi hunijulii hali?"

"Wewe nakuogopa, Mastura. Wewe nikikuuliza hali, sitakata simu."

Hakukata. Hakukata na siku zilizofuata. Mama Mastura alimzoea, akawa anamwekea sambusa zake kando.

Kisha chuo kikafungwa. Baridi ya Juni ikashuka, moto ukafifia, mfuko ukapasuka ubavuni na kuvujisha uvundo uliofika barabarani. Wateja wa sambusa wakaanza kununua kwingine. Mastura akapiga simu, haikushikwa. Akapiga tena, ikashikwa na sauti ya msichana.

"Nasru anaoga. Nimwambie nani?"

"Mwambie hakuna mtu."

Mama yake alirudi kwenye makaa, macho yakawa mekundu tena kwa moshi, na hilo lilimuuma Mastura kuliko lawama.

Nasrudin alitokea Agosti, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, mtungi wa gesi begani.

"Huyo alikuwa Natalie, kiongozi wa kikundi chetu," alisema mlangoni. "Tulikuwa kambi ya mafunzo Njoro, simu zote zilikaa mezani. Wallahi hakuna kitu. Nikakupigia, ukawa umeniblock."

Mastura alimwamini, maana alikuwa amechoka kutomwamini. Alilia kidogo, akacheka, akamwambia amekonda. Hapo ndipo alipouliza, "Na huo mtungi?"

"Kesho wanakuja wageni wa ufadhili. Wakiona jiko linawaka, naenda Ujerumani kusoma. Mfuko nitaubandika kiraka usinuke, na mtungi tutauficha nyuma ya nyumba, tupitishe mpira chini. Nikirudi nitawatengenezea mtambo wa ukweli. Mpenzi, nifanyie hii moja."

Mama Mastura alisikia yote. Kesho yake, wageni walipoingia, alivaa buibui akatoka.

Jiko likawaka. Bibi mmoja mwenye miwani akamuuliza Mastura kama mtambo umewasaidia.

"Sana," alijibu, macho yake kwa Nasrudin. "Hatununui makaa tena."

Walipiga makofi. Nakhumicha, aliyekuwa ameegemea ukuta akiamini mtambo umepona, alipiga makofi pia.

Wiki iliyofuata Nakhumicha aliuza kuku wake wote na kubomoa banda ili apate nafasi ya shimo. "Nimeona kwa macho yangu," aliwaambia majirani. "Na Mastura hawezi kusema uongo."

Mastura alimsikia akichimba. Jembe lilikuwa bado linasikika Nasrudin alipofika na habari kwamba amepata ufadhili, na kijisanduku chekundu chenye pete ndani.

"Nataka wazee waje Ijumaa, kabla sijasafiri."

"Unasikia hilo jembe?"

"La nani?"

"Nakhumicha. Anachimba shimo kama letu. Nenda umwambie, kisha tuongee mambo ya wazee."

Nasrudin akakaa kwenye kigoda. "Huyo mama ana mdomo. Ikifika chuoni, kila kitu kimeenda. Nitamwambia nikiwa huko."

"Amebomoa banda lake, Nasru."

"Nitamlipa. Hii yote nimefanya kwa ajili yetu."

"Uliponiambia nidanganye, sikuuliza hata swali moja," alisema Mastura polepole. "Ningekudanganyia tena kesho. Nakupenda hivyo, na naogopa. Nenda umwambie."

Nasrudin alitazama ukuta. Akanyanyuka, na kwa kitambo Mastura alidhani anakwenda kule. Alisimama tu mbele yake, akamshika shavu.

"Siwezi, mpenzi."

Mastura akafunga kijisanduku, akakitia kwenye mfuko wa shati la Nasrudin, akaunyoosha kwa kiganja. Hakumsindikiza. Alikaa mpaka geti likalia, akajifuta uso kwa mtandio, akazunguka ukuta.

Nakhumicha alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni. Alisikiliza habari za mtungi akiwa ameegemea jembe.

"Na yeye yuko wapi?"

"Ameenda."

"Atarudi?"

"Hata akirudi, harudi kwangu."

Nakhumicha alimtazama, akatema mate kando, akapanda juu akishikilia ukingo. Mastura alingoja matusi. Mwanamke yule alichukua jembe la pili lililoegemea mbao za banda, akamtupia miguuni.

"Anza upande huo," alisema. "Tufukie kabla mvua haijanyesha."