Mdomo wa Mtoto Ukutani

Asubuhi ya kwanza lilikuwa tone moja tu la mate. Fundi, mwanamke aliyezitunza picha za makumbusho yale ya sanaa kwa miaka kumi na moja, aliliona likining'inia kwenye mdomo wa mtoto wa kike aliyechorwa kwa rangi za mafuta, picha iliyotolewa stoo kwa ajili ya maonyesho mapya. Akadhani ni vanishi imeyeyuka kwa joto. Akachukua pamba, akaupangusa ule mdomo taratibu, kama wa mtoto aliyemaliza kula.

Siku ya pili mate yalikuwa mazito, ya manjano, yananuka nyama iliyosahaulika mfukoni. Alipangusa huku amebana pua. Siku ya tatu pamba ilinasa. Alipoivuta, ikavutwa upande wa pili, na kidoleni akahisi ulimi: wa moto, unaokwaruza kama wa paka, ukimlamba hadi chini ya kucha.

Tangu hapo kila alichokula kilikuwa na ladha ya mate yale. Chai iliteleza kooni kama makamasi. Alitema nywele.

"Dada, umemwambia bosi?" mlinzi alimnong'oneza.

"Nimwambie nini? Kwamba picha inadondosha udenda? Jumamosi wanakuja akina mama na watoto wao kwa somo la kuchora!"

Jumamosi asubuhi, milango ikiwa bado imefungwa, mlinzi alimleta shangazi yake, mganga wa majini. Mama yule alinusa mara moja tu, akaziba mdomo kwa mtandio.

"Umempangusa mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi umemlea. Alikuwa anatafuta mama. Mkane sasa hivi, kabla hajataka kunyonya."

Sauti nyembamba, iliyojaa makohozi, ikatoka ukutani: "Mama."

Fundi hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Moyo ulimruka, na kwa aibu yake mwenyewe, ukafurahi kidogo.

"Sema!" shangazi akahimiza.

"Mimi si mama yako!"

Mdomo ukapanuka, ukazidi kupanuka hadi ukapita fremu, ukatapika nywele na vijino na ute wa kijani uliojaa funza, ukatiririka ukutani mpaka kwenye viatu vya Fundi, harufu ikamkaba koo naye akainama akatapika, asijue tena kilicho chake ni kipi na cha jini ni kipi.

Kisha kimya. Mtoto wa pichani alikuwa amefumba mdomo, mkavu.

"Ametoka," shangazi akasema.

Walipiga deki mara nne. Saa nne milango ikafunguliwa, akina mama wakamiminika na watoto wao. Fundi alikuwa bado anajisugua mikono bafuni alipoisikia sauti ile ya makohozi, safari hii ukumbini, katikati ya watu:

"Mama."

Alitoka mbio, akipiga kelele kwamba mtu yeyote asiitike. Hakuwahi. Mwanamke mmoja, ameinama akimfunga mwanawe kamba za viatu, alijibu bila kugeuka:

"Nipo hapa, mwanangu."