Saini Mbili za Machi

Marehemu Effiom aliiba siku ya kumi na moja baada ya kuzikwa. Ndivyo pochi ya kidijitali ya ushirika wa mafundi simu wa Calabar ilivyodai: sarafu zote zimehama kwa saini mbili, yake kama mwenyekiti na ya Mama Arit, mweka hazina.

Basi mashemeji wakamshupalia nani? Mjane wake, Nkoyo! Simu ya marehemu anayo yeye, na Mama Arit alilala matangani, simu yake ikizagaa mkekani. Nkoyo akatiwa mahabusu, maziwa yakilowesha gauni lake jeusi, kichanga kikilia kwa jirani. Saa kumi angepandishwa kizimbani.

Ilikuwa saa nane. Inspekta Atim alizunguka ofisini mbele ya Mama Arit, kiti hakikaliki.

"Mama, ulisaini lini?"

"Tangu Machi sijasaini kitu, mwanangu. Naapa!"

"Machi mlisaini nini?"

"Kununua kiwanja ambacho katibu wetu, Okokon, alirithi kwa babake. Effiom akageuka, tukafuta."

"Mlifutaje?"

"Si tulisema basi, yaishe?"

"Kwa mdomo?"

"Kufuta kwenye mnyororo, lile daftari la sarafu la mtandaoni, kuna ada. Hata kusaini humo kuna ada. Sisi tunasaini nje, bure, Okokon anatunza saini. Na tangu siku hiyo hatujalipa kingine."

Atim akapiga meza. Lo, ubahili huu! Saini ya mnyororoni huacha siku na saa. Ya nje haina tarehe wala haiozi. Malipo yasipofutwa mnyororoni wala kupitwa na mengine, aliyeishika huituma siku apendayo.

Okokon aliletwa saa tisa, akitabasamu.

"Afande, mimi sina saini humo."

"Unazo za wenzako. Aliyezituma alilipa ada. Kwa anwani ipi?"

"Nitajuaje?"

"Ileile uliyotumia kutuma rambirambi za Effiom. Na sarafu zimeangukia kwa kaka yako, aliyetajwa mpokeaji wa malipo ya Machi."

Tabasamu likamkauka.

"Ni malipo halali," akasema. "Kiwanja wamepata."

"Kwa nini, Okokon?"

"Alisaini, kisha akanicheka mbele ya wote! Eti baba yangu aliniachia kinamasi na vyura. Wakacheka, afande, wote. Nikaapa atakinunua hata akiwa kaburini."

"Na Nkoyo? Amekukosea nini?"

Okokon akainamisha kichwa.

"Ni yeye peke yake ambaye hakucheka."