Nani Alilitaja Bega la Eseta?

Jumamosi asubuhi soko la Otara, jijini Auckland, halina adabu. Watu wanakanyagana, redio zinapigiana kelele, na moshi wa mafuta ya kukaangia unaingia mpaka kwenye mizizi ya nywele. Hapo ndipo Eseta Leavasa, bingwa wa mapigano ya ndani ya kizimba, mwanamke aliyewahi kumzimisha mtu kwa goti moja, aliposimama mbele ya karai la panikeke, maandazi ya duara ya visiwani, macho ameyafumba, akivuta harufu kama mtu aliyenyimwa tumbaku.

"Dada, kila Jumamosi ni hivi hivi," muuzaji akasema huku akigeuza donge. "Unakuja, unanusa, unaondoka. Nianze kukutoza harufu?"

"Napunguza uzito."

"Wako au wangu?"

Eseta akacheka bila kutaka. Kijana alikuwa mrefu, kifua kipana kama mlango wa kanisa, na aproni ya maua ya shangazi yake ilikuwa imemkaba shingoni. Aliitwa Kalafi. Siku za kazi alinyoosha bodi za magari. Jumamosi alikuwa mtumwa wa shangazi.

"Kumbe Mtonga," Eseta akasema.

"Na wewe Msamoa. Basi ugomvi tumeshaurithi. Kilichobaki ni kupendana."

Baridi ilipoingia Auckland, mapenzi yalikuwa yameiva. Kila jioni simu iliita.

"Bosi, umekula?"

"Nimekula hewa."

"Uliweka chumvi?"

"Kalafi, nakuja kukupiga."

"Njoo. Nimeoga, nimevaa shati jeupe. Nipige taratibu."

Kisha bega la kushoto likachanika. Ilikuwa mazoezini, katika kuanguka kwa kawaida tu. Kocha Hohepa akafunga mlango wa ukumbi na kusema kwa sauti ndogo, "Hili libaki humu. Marnie Kessell akilijua, atalivuta mpaka ling'oke." Marnie alikuwa mpinzani kutoka Brisbane, aliyekuwa anakuja kuutafuta mkanda wake wa ubingwa. Nje ya ukumbi Eseta alimwambia mtu mmoja tu, Kalafi. Alimwambia hata jambo dogo la aibu, kwamba siku hizi analala ubavu mmoja kama mgonjwa. Mama yake, aliyeishi naye nyumba moja, hakumwambia kitu. Mama alikuwa na presha.

Siku moja simu ya Kalafi ilitetemeka mezani. Eseta akaliona jina: Sosaia. Kalafi akaigeuza simu kifudifudi.

"Nani huyo?"

"Binamu yangu. Yuko Brisbane."

"Anafanya nini huko?"

"Mazoezi."

"Kwa nani?"

Kalafi akajikuna shingo. "Kwa kocha wa Marnie."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Ukimaliza pambano. Laazizi, siku hizi hata friji ikinguruma unaitukana."

Ilikuwa kweli, na Eseta hakucheka. Shaka haipigi hodi. Inaingia, inavua viatu, inakaa. Tangu siku ile alizipima sauti za Kalafi, vicheko vyake, hata namna alivyouliza "bega vipi leo?" Kwa nini anauliza kila siku? Anamuulizia nani?

Jibu alidhani amelipata siku ya wapiganaji kuonyeshana nyuso mbele ya waandishi. Marnie, nywele zimesukwa hadi kisogoni, koti la fedha likimeta, alimsogelea mpaka pua zikakaribiana.

"Pole na bega la kushoto, kipenzi," akamnong'oneza. "Nasikia unalala ubavu mmoja."

Eseta alipata baridi mpaka kwenye kucha. Alitoka nje, bado amevaa gauni lake jekundu, akapiga simu.

"Umeliuza bei gani?"

"Nimeuza nini, mpenzi?"

"Bega langu. Maneno niliyokwambia wewe, peke yako, nimeyasikia leo kinywani mwa Marnie."

"Eseta, hebu niulize vizuri—"

"Sina la kukuuliza. Usije kwenye pambano. Usinipigie tena." Akakata.

Pambano lenyewe halikuwa refu. Marnie hakuhangaika na kichwa wala mbavu. Aliutafuta mkono wa kushoto kama fisi anayejua mzoga ulipo, na raundi ya pili akaupata. Akaukunja, akauvuta. Eseta aliuma kinga ya meno, akaona weusi, kisha kiganja chake cha kulia kikagonga sakafu. Amesalimu amri. Mkanda ukafungwa kiuno cha mwingine mbele ya macho yake, na mtu ambaye Eseta alimlaani kimoyomoyo hakuwa Marnie. Alikuwa Kalafi.

Jumapili alikwenda kanisani na mama yake, Lagi. Miezi yote ya maandalizi hakuwa amekanyaga pale, kwa kuwa kocha alimtaka mazoezini. Alivaa puletasi nyeupe, vazi la Kisamoa la vipande viwili, na kofia nyeupe, mkono ukining'inia kwenye kitambaa. Baada ya mahubiri, Lagi akasimama.

"Ndugu zangu, nawashukuru. Tangu bega la kushoto la binti yangu lichanike, mmeliombea kila Jumapili. Sikuwaficha kitu. Niliwaambia linavyomnyima kuanika nguo. Niliwaambia ninavyochungulia na kumkuta amelala ubavu mmoja, maskini, akidhani sijui. Mkanda umekwenda, lakini mtoto yu hai."

"Amene!" kanisa likaitikia.

Eseta alikuwa anaitazama simu iliyosimamishwa kando ya mimbari, ile inayorusha ibada mubashara kwa jamaa walioko ng'ambo. Wengi wao walikuwa Brisbane.

Alimkamata mama yake barazani.

"Mama, ulilitangaza bega langu?"

"Nililiombea."

"Mbele ya kamera!"

"Sasa Mungu nimnong'oneze kama mwizi?"

"Brisbane nzima inaangalia ibada yetu!"

"Ndiyo, na wao waliomba..." Kiganja cha Lagi kikapanda mdomoni. "Uwiii. Na yule kijana wa Kitonga?"

"Nilimwita msaliti, Mama. Hata sikumwacha ajibu."

Lagi akamshika mkono ule mzima, wakaondoka. Walipofika nyumbani aliingia chini ya kitanda chake, akauvuta mkeka laini wa ukoo, ule unaotolewa kwenye harusi na misiba tu.

"Mama, kuomba radhi chini ya mkeka ni kwa watu waliouana!"

"Nimekukosesha mkanda," Lagi akasema, vumbi puani. "Mume sitakukosesha. Twende."

Alasiri hiyo, mtaa wa Mangere, manyunyu yakianguka, wanawake wawili walipiga magoti uani kwa shangazi wa Kalafi, wamejifunika mkeka gubigubi. Majirani wakatoka na sahani zao za chakula cha Jumapili.

"Kalafi!" shangazi akaita. "Kuna Wasamoa chini ya mkeka!"

"Wanataka nini?"

"Wanaomba radhi. Wewe ndiye uliyekosewa, wewe ndiye wa kuufunua. Usipoufunua hawaondoki, na mimi sitaki maiti uani."

Kwenye upenyo wa mkeka Eseta aliona miguu mikubwa ikija, ikasimama.

"Bingwa," sauti ikasema.

"Si bingwa tena."

"Najua. Niliangalia. Nilivunja kikombe. Nani alilitaja bega?"

"Mimi!" Lagi akadakia. "Kwa maombi!"

Kalafi akapumua kwa nguvu. Haikujulikana kama ni hasira au kicheko. "Eseta. Kesho neno jingine likivuja, utanishuku tena?"

Lagi akamfinya bintiye pajani: sema hapana. Eseta alilifikiria swali lile. Hapana ilikuwa tayari ulimini, tamu, nyepesi, ya uongo.

"Nitakushuku," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu, naishi kwa kumshuku aliye mbele yangu. Lakini nitakuuliza kwanza, na nitasubiri jibu."

Manyunyu yakawa mvua. Miguu haikusogea. Eseta aliyapeleka magoti yake ardhini zaidi, akangoja, kazi ambayo hakuna kocha aliyewahi kumfundisha.

Ukingo wa mkeka ukanyanyuka. Kalafi hakuufunua. Aliinama akaingia, shati lake la Jumapili likizama kwenye tope, akapiga magoti bega kwa bega naye, upande ule mzima.

"Sosaia aliniuliza habari zako mara nyingi," akasema. "Kila mara nilimtukana. Lakini nilikuficha, kwa sababu niliogopa utanitazama kama ulivyokuja kunitazama. Nami nisamehe."

"Nimekusamehe, mjinga wewe."

"Basi nimekusamehe."

"Na mimi?" Lagi akauliza.

"Na wewe, Mama."

Wakabaki hapo watatu, wamebanana, mvua ikipiga mkeka.

"Sasa nani atatufunua?" Eseta akanong'ona.

Nje, shangazi aliweka sahani chini, akajifunga vizuri mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima la Watonga, akashuka ngazi akigombeza mvua, Wasamoa na mpwa wake, mikono yake miwili imenyooshwa mbele.