Foleni ya Siah-Darreh

Haya yalimkuta Mahnaz, jirani yetu hapa Tehran, siku ya kawaida kabisa, chai mezani na kipande cha sukari mdomoni. Kazi yake ilikuwa kukagua ramani ya foleni ambayo madereva huifuata kwenye simu. Simu nyingi zikitambaa pamoja barabarani, ramani huchora mstari mwekundu.

Asubuhi hiyo mstari ulitokea barabara ya zamani ya Siah-Darreh, iliyofungwa tangu handaki lilipoporomoka na kufukia foleni nzima ya watu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa sikukuu ya Nowruz. Mahnaz akadhani imekarabatiwa. Magari yapo, basi njia ipo. Akabonyeza: imefunguliwa.

Baadaye wasiwasi ukamwingia. Akampigia kaka yake Behruz, aliyekuwa akipeleka mchele upande huo, akamwomba apite achungulie. Behruz akamtania kwamba mshahara anakula dada, kazi anafanya kaka. Akakata kona.

Alipofika akapiga simu. Hakuna gari hata moja, alisema. Lori lake tu na ukungu. Ila lori lilikataa kwenda, kana kwamba limebanwa mbele na nyuma. Na palinuka moshi wa injini. Injini nyingi.

Kisha sauti ikashuka.

"Mahnaz. Kuna mtu anagonga kioo."

"Nani?"

"Simwoni. Anauliza kama kweli njia imefunguliwa."



"Usimjibu," akanong'ona.

"Nimeshamjibu, dada'angu. Nimemwambia ndiyo."

Lori likaachiliwa. Behruz aligeuza, akakimbia, akafika salama. Hadi leo hashiki usukani.

Lakini kwenye ramani foleni nayo ilikuwa inatembea. Ilishuka mlima. Ikaingia barabara kuu. Mahnaz akaifunga tena njia, akafuta mstari, akafuta tena. Haukufutika. Ulipofika mjini ukaanza kukatika vipande, kila kipande kikishika mtaa wake.

Jioni, akiwa nyumbani, aliona kwenye ramani kipande kimoja kimesimama mbele ya jengo letu. Akachungulia dirishani. Kichochoro kitupu. Ila Bi Touran wa ghorofa ya chini, ambaye mwanawe alifukiwa Siah-Darreh, alikuwa anafungua geti taratibu, anatabasamu, anampisha mtu.

Asubuhi tulikuta uani matope meupe ya mlimani na alama za magurudumu zikiingia. Za kutoka hazikuwepo.