Gari Halipandi Leo

Malori mawili yalikuwa yamebanana kwenye lango la bandari kavu, hakuna linaloingia wala linalotoka, na foleni nyuma yake ilikuwa imefika barabara kuu. Honi zinalia, madereva wanarushiana maneno kupitia madirishani, moshi na vumbi la saruji vinaingia puani. Mfamasia wa hospitali ya mlimani alikuwa ameshuka mjini asubuhi ile kufuata kontena la dawa. Shati lake la bluu, lililopigwa pasi likanyooka, lilikuwa tayari limemganda mgongoni kwa jasho.

Ndipo alipomwona mwanamke mmoja akishuka kwenye gari dogo: suruali nyeusi, blauzi nyeupe, kizibao cha njano, na buti za kazi zilizochubuka ncha. Hakupaza sauti. Alimfuata dereva wa kwanza, akamsalimu, wakacheka kidogo. Akamfuata wa pili, huyo akamsikiliza kwa muda mrefu zaidi. Kisha akasimama katikati ya njia, akainua mkono, na lori kubwa likaanza kurudi nyuma taratibu.

"Wewe wa shati la bluu," akamgeukia mfamasia, "umesimama hapo unasubiri kukanyagwa?"

"Naangalia foleni."

"Foleni iko kule. Huku unakoangalia niko mimi."

Madereva wakaangua kicheko.

Mwanamke yule alikuwa meneja wa ugavi na usafirishaji wa kampuni ya kusambaza dawa. Madereva walimwita Mama Ratiba, ingawa hakuwa na mtoto wala mume, kwa sababu gari lake likisemwa litafika mchana, hufika mchana. Alipojua kontena ni la hospitali ya mlimani, hakuuliza karatasi kwanza. Aliuliza, "Humo ndani zimo dawa za baridi?" Akaamuru mlango ufunguliwe, akaingia mwenyewe kusoma kipimajoto, na hakutabasamu mpaka alipotoka.

"Ziko salama," alisema. "Jua lingezipiga siku moja zaidi, ungepeleka maji tu kwa wagonjwa."

Mfamasia alirudi mlimani na dawa zake, lakini moyo aliuacha langoni pale.

Mapenzi yao yaliishi kwenye simu. Mfamasia juu, meneja bondeni, na kati yao barabara moja iliyojizungusha kwenye mlima.

"Mama Ratiba, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, daktari wa vidonge?"

"Sili. Nakonda kwa ajili yako."

"Basi meza vidonge, unavyo vingi."

Mdogo wake meneja, aliyekuwa akiishi naye, alizoea kuinyakua simu. "Shemeji, huyu dada yangu ana ratiba hata ya kupendwa. Ukichelewa anakufuta!" Nyumba nzima ikacheka, na mfamasia kule juu akacheka peke yake katikati ya rafu za dawa.

Mvua zilipoanza, meneja alipanda kwenda kumwona. Wakati wa kurudi, mfamasia alimsindikiza mpaka katikati ya njia, kwenye kona kali ambapo mlima umeinama juu ya barabara. Meneja akasimamisha gari ghafla.

"Kuna nini?"

Alishuka na gauni lake la maua, akaenda hadi kwenye mtaro. Maji yaliyokuwa yakitoka mwambani siku zote yakiwa meupe, leo yalikuwa rangi ya kutu, mazito. Nguzo za umeme juu yao zilikuwa zimelala upande mmoja. Pembeni mwa lami kulikuwa na ufa ambao mtu fulani alikuwa ameujaza kokoto, na kokoto zenyewe zilikuwa zimeanza kuzama. Hapakuwa na ndege aliyelia.

"Huu mlima unatembea," alisema kwa sauti ya chini.

Mfamasia akamshika kiuno. "Mpenzi, mlima huu babu zangu waliukuta hapa. Utembee uende wapi?"

"Sitanii. Usipite hapa tena mvua ikinyesha. Niahidi."

"Nimekuahidi, roho yangu," alisema, kama mtu anavyomwahidi mtoto. Meneja alilisikia lile tabasamu ndani ya sauti yake, na likamkaa rohoni njia nzima.

Mvua haikukatika. Asubuhi moja, kwenye kikao cha madereva, meneja alitangaza kwamba njia ya mlimani imefungwa kwa magari yote ya kampuni. Mkurugenzi alimwita ofisini kabla chai haijapoa.

"Serikali imeifunga barabara?"

"Bado."

"Basi wewe umeifunga kwa mamlaka gani? Hospitali inasubiri mzigo wake. Tuna mkataba."

"Mzigo utafika. Nimepanga upite reli mpaka kituo cha nyuma ya mlima, halafu magari madogo yaupandishe kwa njia ya machimbo ya mawe. Utachelewa siku moja."

"Na ukipita barabarani?"

"Labda ufike leo. Labda tusimwone dereva tena. Mzee, mimi ndiye ninayewatuma hawa watu. Gari halipandi leo."

Mkurugenzi hakumfukuza, maana hakuwa na mwingine wa kumudu kazi ile. Ila mfamasia alipopiga simu kuulizia mzigo, mkurugenzi alijisafisha: "Muulize meneja wako. Ameamua kumalizana na wateja wa mjini kwanza."

Mchana ule simu ya meneja iliita akiwa ghalani, masanduku ya barafu yamemzunguka, vijana wanapanga chupa za insulini.

"Ni kweli umezuia gari?"

"Nimelizuia, kipenzi. Nisikilize—"

"Nina watoto wawili wodini wanaoishi kwa sindano. Jokofu langu limebaki tupu. Na wewe unahudumia watu wa mjini?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Bosi wako."

"Amekudanganya. Mzigo wako unapakiwa sasa hivi, unapita reli. Kesho mchana utakuwa mkononi mwako."

"Kesho! Barabara iko wazi, watu wanapita, nawaona kwa macho yangu. Unaogopa kitu ambacho hakipo, halafu watoto wa watu ndio walipe."

"Uliniahidi," meneja alisema.

"Niliahidi kama mpenzi. Sasa naongea kama mfamasia."

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupokewa. Akaitia simu mfukoni, akainama akakagua sanduku lililofuata. Vijana waliona macho yake wakaacha utani.

Kesho yake asubuhi meneja alisafiri na mzigo mwenyewe. Kwenye kituo cha reli, mvua ikipiga mabati, masanduku yalianza kushushwa na kuingizwa kwenye magari madogo yaliyokuwa yakingoja. Akampigia muuguzi mkuu wa hospitali ajiandae kupokea.

"Kupokea?" muuguzi alishangaa. "Mfamasia hakukwambia? Ameshuka na gari la wagonjwa kufuata dawa huko kwenu. Yuko na Mjomba."

Mjomba alikuwa dereva wa hospitali, mtu mzima mcheshi ambaye kila mtu alimwita hivyo.

"Wamepita njia gani?"

"Si ile ile tu? Kuna nyingine?"

Meneja alipiga simu ya mfamasia. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akawapigia polisi walio chini ya mlima, akawaomba waweke kizuizi. Aliyepokea alikuwa bado anauliza jina lake pale sauti ilipokuja. Haikuwa radi. Ilitoka chini, ikapanda miguuni, ikatikisa madirisha ya kituo, na ikaendelea muda mrefu kuliko sauti yoyote inavyopaswa kuendelea. Wapagazi wakaacha mizigo wakatazamana.

Baada ya hapo kukawa kimya. Mmoja akasema, "Mlima umeshuka."

Meneja alikaa juu ya sanduku. Dereva wa gari la kwanza akamsogelea. "Mama Ratiba, tusubiri? Pengine unataka kwenda..."

Kila kitu ndani yake kilitaka kwenda. Akatazama yale masanduku. Barafu ina saa zake, haijui msiba wa mtu.

"Pakieni," alisema. "Njia ya machimbo, gari moja moja, mbele apite mtu kwa miguu kila penye maji. Mimi niko gari la kwanza."

Walifika hospitali jua likiwa bado halijazama. Alikabidhi dawa mkono kwa mkono, akasoma vipimajoto, akasubiri mpaka muuguzi akatoka wodini akasema watoto wamechomwa sindano. Ndipo akauliza, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu mwingine, "Wamepatikana?"

Mmoja alikuwa amepatikana.

Asubuhi ile gari la wagonjwa lilipofika kwenye ile kona, mfamasia aliyaona maji yamefurika yakiwa tope tupu, na maneno ya meneja yakamrudia. Alimwambia Mjomba asimame, akashuka kwenda kutazama mbele. Alikuwa ametembea hatua chache kupita kona pale mlima ulipoachia nyuma yake. Upepo wa udongo ulimtupa korongoni, ukamvunja mkono. Mjomba alikuwa kwenye usukani, injini inaunguruma, anamngoja.

Wanakijiji walikuwa wamembeba mfamasia kwa vijia vya miguu hadi hospitali, na meneja alimkuta kitandani, tope bado limemkaukia nyusini. Alimfuta uso kwa kitambaa chenye maji, akakaa mpaka daktari alipokuja, kisha akaondoka.

Walikutana tena siku ya maziko ya Mjomba, baada ya mwili wake kufukuliwa udongoni. Mfamasia alikuwa amekaa nje ya nyumba ya marehemu, mbali na watu, mkono ukiwa kwenye bandeji ya plasta. Meneja alikuja na gauni jeusi na kitambaa cheusi kichwani.

"Mkurugenzi alinidanganya," mfamasia alisema.

"Alikudanganya. Na wewe ukachagua kumwamini yeye."

Akainamisha kichwa. "Nilidhani unaogopa tu."

"Nilikuwa naogopa. Kuogopa ndiyo kazi yangu. Naogopa mapema ili wengine wafike."

Ndani, mtu alilia kisha akanyamaza.

"Nisindikize kwa mke wa Mjomba," alisema mfamasia. "Kuna jambo hajui."

Mjane alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, wanawake wakiwa wamemzunguka. Mfamasia akapiga magoti mbele yake.

"Mama, Mjomba hakutaka kutoka. Alisema tusubiri mvua ipungue. Mimi ndiye niliyemsukuma. Na huyu hapa alikuwa amenionya nisipite."

Mjane alimtazama, kisha akamtazama meneja, kisha akarudi kwake.

"Alinipigia kabla hajatoka," alisema taratibu. "Akaniambia anafuata dawa za watoto. Hakusema kama amelazimishwa."

"Asingesema, mama."

"Najua. Alikupenda mno." Akavuta pumzi, mikono yake ikakunja na kukunjua upindo wa kanga. "Toka. Leo siwezi kukutazama. Lakini usije ukaacha kuja hapa, unanisikia? Ukiacha, ndipo utakuwa umemuua."

Walitoka. Ng'ambo ya bonde, mlima ulionekana na kidonda chake chekundu kutoka juu hadi chini, na mawe madogo bado yalikuwa yanaporomoka, kama mchanga unaomwagika kwenye gunia lililotoboka. Wingu jipya lilikuwa linajikusanya juu yake.

"Mwezi huu nilikuwa nimepanga kukuposa," alisema mfamasia. "Nilikuwa nimeandaa maneno matamu."

"Yaseme."

"Yameniisha. Nimebakiwa na haya tu. Nataka kuishi na mtu ambaye akiniambia simama, nasimama. Sistahili kukuomba, najua."

Tone la kwanza la mvua lilimwangukia meneja shavuni, hakulifuta. Alilitazama lile wingu kwa muda, akikadiria linakwenda upande gani na kwa kasi gani, macho yake makavu, taya limekaza. Kisha akauchukua mkono wa mfamasia, ule mzima, akaufunga kwa mikono yake miwili kwa nguvu hadi ukamuuma.

"Ndugu zako wakija nyumbani kwetu," alisema, "waambie wapite reli."